Nampeleka mama Civita di Bagnoregio, magoti yake yataliweza lile daraja?

"Habari mtaalam. Mimi naishi Munich, mama yangu ana miaka 67 amekuja toka Tanga kwa visa ya Ujerumani ya miezi miwili. Mwezi wa sita tunataka kwenda Roma siku nne, sasa mama ameona kwenye simu picha za kile kijiji cha Italia kilichokaa peke yake juu ya mwamba na lile daraja refu, Civita di Bagnoregio, na tangu siku hiyo hanipi pumzi. Shida yeye magoti yanamsumbua, na ana presha, anatumia dawa. Shemeji yangu anasema kile kijiji kinabomoka ni hatari, hakaishi mtu ni magofu tu, na visa ya Ujerumani haimruhusu kuingia Italia. Je twende? Nikodi gari au tupande treni? Tulale hukohuko? Sisi ni Waislamu, chakula tutapata? Na kuna mtu kaniambia nyumba za huko zinauzwa euro moja, ni kweli?"

Dada, nzuri kabisa, na mpe bi mkubwa shikamoo yangu. Nimesoma swali lako lote na naona kinachokukosesha usingizi hasa sio kijiji, ni kwamba usije ukamtoa mama Roma mpaka huko halafu mkafika mbele ya lile daraja akashindwa, akarudi na maumivu na huzuni juu. Hofu yako ina msingi, na ntalijibu hilo kwa kirefu. Ila shemeji naye tumsikilize kwanza, maana katika yale matatu aliyosema moja lina ukweli ndani yake na mawili kakosea.

Visa tuimalize haraka. Kama mama ana visa ya kawaida ya Schengen, yaani ule umoja wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, iliyotolewa na Ujerumani, Italia anaingia bila shida yoyote, ilimradi kule anakokaa muda mwingi zaidi ni Ujerumani kama mlivyosema kwenye maombi, na kwenu ni siku nne tu kati ya miezi miwili. Chukua pasipoti yake uangalie stika yenyewe. Pale juu panapoonyesha inatumika wapi, ikiwa imeandikwa nchi za Schengen kwa ujumla, basi safi. Ukikuta imeandikwa Deutschland peke yake, hapo simama, hiyo ni visa ya nchi moja, usikate tiketi mpaka umeenda mwenyewe ofisi ya wageni hapo Munich ukaulize uso kwa uso. Kingine watu wanachanganya ni idadi ya kuingia, wanaona 01 wanaogopa wakisema akienda Italia akirudi Ujerumani itakuwa ameingia mara mbili, hapana, mpaka wa ndani ya Schengen hauhesabiwi, ila msipitie London kwa sababu ya tiketi rahisi, hapo mtakuwa mmetoka nje na mambo yanabadilika. Abebe pasipoti yenyewe sio kopi, hotelini wataitaka maana kule wageni wanaandikishwa polisi, na bima yake ya safari ile ya euro 30,000 hakikisha tarehe zinafunika siku za Italia.

Haya sasa, kijiji kinabomoka? Ndiyo, na hapa shemeji hajakosea, wenyewe Waitaliano wanakiita mji unaokufa. Lakini kubomoka kwake sio kama ghorofa bovu linalosubiri kuwaangukia watu, na nikikueleza kinachotokea pale chini utaelewa kwa nini mimi napeleka wageni bila wasiwasi. Ile sehemu yote zamani sana ilikuwa chini ya bahari, ndo maana chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi wa kijivu, laini. Baadaye zikaja volkano za upande wa ziwa Bolsena, na hilo ziwa lenyewe limekaa kwenye bonde lililotitia baada ya milipuko, zikamwaga majivu na mawe juu ya ule mfinyanzi, yakashikana yakawa jiwe la kahawia ambalo wao wanaliita tufo. Kwa hiyo Civita imejengwa juu ya kofia ya jiwe, na kofia yenyewe imekaa juu ya udongo. Tufo ni gumu kiasi lakini linapasuka kwenda chini wima, na mfinyanzi ukinyeshewa unachukuliwa na maji. Mwambie mama asimame ufukweni pale Tanga maji yakiwa yanarudi, asikilize jinsi mchanga unavyokokotwa chini ya kisigino mpaka mguu unalala wenyewe, basi ndo hivyohivyo. Vijito viwili vya bondeni pamoja na mvua vinaula ule mfinyanzi kwa chini, jiwe la juu linakosa pa kukaa, ufa uliokuwepo unafunguka, na kipande cha ukingo kinashuka bondeni.

Umeona sehemu inayopungua ni ipi? Ni ukingo. Katikati pale kwenye uwanja wa kanisa hapateremki leo wala kesho. Kwa hiyo hatari kwa mgeni ni ndogo akikaa kwenye njia, na inakuwa kubwa akiruka kamba au uzio kwenda pembezoni kupiga selfi, au akipita njia za bondeni zilizofungwa baada ya mvua. Pembeni utaona nyumba zenye ukuta wa mbele tu, mlango upo, dirisha lipo na maua juu yake, na nyuma ya dirisha ni anga tupu, chumba kilishaenda na mwamba. Nyumba aliyozaliwa mtakatifu wao Bonaventura, yule Mfransisko aliyefariki 1274, nayo sehemu ile imeshakwenda. Kama mama anapenda kuelewa vitu, kuna kajumba ka makumbusho humo ndani ya kijiji kanakoeleza jiolojia na haya maporomoko, ni kadogo, hakachoshi, na wanaonyesha jinsi wahandisi wanavyojaribu kuufunga mwamba kwa vyuma. Mimi huwa naanzia hapo, watu wakitoka wanaangalia kijiji kwa macho mengine.

Magofu tupu nayo sio kweli. Watu wanaishi, wachache sana, majira ya baridi unawahesabu kwa vidole, kiangazi wanaongezeka kwa sababu kuna wenye nyumba za mapumziko, wenye migahawa na vyumba vya wageni. Mji ulianzishwa na Waetruski, watu wa kale wa Italia, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, kabla Roma haijawa Roma ya kutisha dunia, na ulikuwa mji kweli wenye askofu na serikali yake. Kilichouvunja mgongo ni tetemeko la ardhi la 1695, baada ya hapo askofu na wakubwa wakahamia ng'ambo, pale panapoitwa Bagnoregio leo, na wananchi nao wakafuata kidogokidogo. Zamani pande hizo mbili ziliunganishwa na kigongo cha ardhi unatembea tu, kigongo nacho kikaliwa na mmomonyoko, ndo ikabidi daraja. Hili la zege mnaloliona kwenye picha ni la 1965.

Kuingia mnalipa euro 5 kila mtu. Wageni wengine wananuna, kwamba tunalipaje kuingia kijijini kwa watu, mimi binafsi naona ni haki yao. Tiketi ilianza 2013 kwa euro moja na nusu, na hela hiyo ndiyo inayosaidia halmashauri kuushikilia mwamba, na wakazi wa Bagnoregio wakapunguziwa mzigo wa kodi za mji. Kijiji cha watu wasiojaa daladala kinapokea malaki ya wageni kwa mwaka, sasa nani alipie takataka?

Tuje kwenye daraja lenyewe maana hapa ndo swali lako lilipo. Hakuna gari la mgeni linalovuka, hamna lifti, hamna kamba ya kuvuta watu, wenyeji ndo wana vigari vyao vidogo vya kubebea mizigo. Ni mita kama 300 hivi, pembeni kuna vikingio vya kushika, chini ni saruji nzuri haitelezi ikiwa kavu. Kwenye picha mwinuko hauonekani, unaona utepe tu umenyooka, kumbe mwanzo ni wa taratibu halafu kadiri unavyokaribia lango ndo unapanda, na kipande cha mwisho ni kikali kweli, vijana wenyewe wanasimama kuhema wakijifanya wanapiga picha. Kivuli hakuna hata cha kuficha kichwa. Ukishaingia kwenye lango, lile lenye simba wa mawe, kuna kipande kidogo cha mawe kupanda halafu basi, juu kijiji ni tambarare, unaweza kukizunguka chote kwa mwendo wa bibi harusi na ukawa umemaliza ndani ya saa moja.

Watu wengi wenye wazazi wanaogopa kupanda. Kupanda kunamaliza pumzi, kwa hiyo hapo angalia presha na moyo. Goti linaumizwa zaidi na kushuka, kwa sababu unaposhuka uzito wote unatua kwenye goti lililokunjika na msuli wa paja unalishikilia kama breki, yaani mama anaweza kufika juu akicheka, kesho yake ndo asiinuke kitandani. Kwa hiyo usimpime kwa kumuuliza "mama utaweza?", mama zetu hawa wakitaka kitu watakwambia ntaweza hata kama mguu umevunjika. Mpime huko Munich wiki mbili kabla. Mtafutie mteremko mrefu kidogo, mpande mshuke taratibu, halafu muangalie asubuhi yake, goti limevimba? anashika ukuta akienda chooni? Kama asubuhi yuko sawa, daraja analiweza kwa mwendo wake. Mnunulie fimbo mbili za kutembelea milimani, sio moja, zile zinazorefushwa, wakati wa kushuka azirefushe kidogo aziweke mbele, uzito unagawanyika. Viatu vya soli ya mpira, ndala zibaki hotelini. Akishuka apige hatua fupifupi, na hata akishuka kwa kukata kona kona upana wa daraja hakuna atakayemcheka.

Na saa. Mwezi wa sita jua la mchana pale juu linachoma, na mabasi ya watalii yanamwagika kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, daraja linajaa watu wanasukumana na mama hana pa kuegemea. Nendeni saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni, kule mwezi huo jua linazama karibu saa tatu usiku kwa hiyo muda upo tele. Kama mnaweza kuangukia Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita kuna mashindano ya punda pale uwanjani, wanayaita Palio della Tonna, mama wa Tanga akiona Wazungu wanavyoshindwa kumwendesha punda atacheka mpaka alie, ila siku hiyo watu ni wengi mno, na kwa magoti yake mimi ningeikwepa.

Sasa sikiliza, kuna njia ya tatu ambayo watu hawaifikirii. Upande wa Bagnoregio kuna sehemu ya kutazamia, belvedere, kijiji chote kiko mbele yako na bonde la mfinyanzi chini, ile picha aliyoiona mama kwenye simu kwa asilimia kubwa inapigwa upande huo. Kutoka mjini Bagnoregio mpaka daraja ni karibu kilomita 2, lakini kuna kibasi cha kupeleka watu, muulize dereva anashusha wapi siku hiyo, maana kutoka belvedere kwenda kwenye daraja kuna ngazi za kushuka na hizo ngazi nazo ni goti. Mfikishe hapo, mkalishe, anywe maji, aangalie. Halafu mwache aamue yeye mwenyewe akiwa analiona daraja kwa macho yake. Akisema nimetosheka, ametosheka, wewe kimbia juu nusu saa umpigie video. Akisema twende, mnaenda. Msiende na ile ya "tumeshatoka mbali lazima tuvuke", hiyo lazima ndo inaangusha wazee.

Kulala wapi? Ndani ya Civita vyumba vipo vichache, jioni wageni wakiondoka panakuwa patamu sana, lakini begi unalivuta mwenyewe juu ya daraja na usiku mama akijisikia vibaya hamna teksi mlangoni. Kwa mtu mwenye presha sikushauri. Kutoka Roma kwenda na kurudi siku moja inawezekana, ni kama kilomita 120, ila mtafika mchana wa jua kali na mtaangalia saa tu. Ningekuwa mimi ningelala usiku mmoja Orvieto. Orvieto nao ni mji juu ya mwamba wa tufo uleule, mkubwa, una hospitali, maduka, na kutoka stesheni ya treni unapanda kitreni cha kuvutwa na kamba, funicolare, kinakufikisha juu mama akiwa amekaa. Kanisa lao kuu lilianza kujengwa 1290, sura yake ya mbele inametameta dhahabu, anaweza kukaa kwenye benchi akaliangalia saa nzima bila kupanda kitu. Msiingie tu kile kisima cha Mtakatifu Patrick, ni kizuri ajabu, papa alikichimbisha baada ya Roma kuvamiwa 1527 na ngazi za kushuka hazikutani na za kupanda, lakini ni ngazi 248 kushuka na 248 kupanda, kwa magoti hayo ni adhabu.

Treni au gari. Treni ya kawaida kutoka Roma Termini mpaka Orvieto ni saa moja na kitu, haina gharama ya kutisha, tiketi ya karatasi ugonge kwenye kimashine kabla ya kupanda la sivyo faini. Kutoka Orvieto kuna basi la kampuni ya Cotral kwenda Bagnoregio, na basi hilo ndo linawaua watu, ni machache kwa siku na Jumapili na sikukuu hayapo. Tarehe 2 mwezi wa sita ni sikukuu yao ya Jamhuri, kwa hiyo kama safari yenu ni mwanzoni mwa mwezi angalia kalenda vizuri, nimekuta familia nzima imekaa kituoni na mikoba inasubiri basi la kesho yake. Ratiba iangalie jana yake, na kabla hujaondoka Bagnoregio mjini hakikisha unajua basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Gari linakupa uhuru wa ile saa mbili asubuhi niliyokwambia, na kwa mama mwenye magoti ni bora kuliko kusimama kituoni, ila hilo gari likodie Orvieto sio Roma, kuendesha Roma ni kujitafutia presha ya pili. Leseni ya Ujerumani inatosha. Ya Tanzania itataka kibali cha kimataifa pamoja nayo. Jihadhari na alama ya ZTL, ni maeneo ya katikati ya miji ambayo mgeni haruhusiwi na gari, hakuna polisi ni kamera tu, barua ya faini inakukuta Munich umeshasahau. Maegesho ya mistari ya bluu ni ya kulipia, meupe bure, ya njano usiguse. Kama hutaki yote hayo, teksi ya kutoka Orvieto ipo, ni kama kilomita 20, kubalianeni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda.

Chakula mtapata, ila halali ya bucha msitegemee huko vijijini. Nguruwe amejificha kila mahali, kwenye mchuzi wa amatriciana, kwenye carbonara, kwenye porchetta ambayo ndo sifa ya mkoa ule, hata baadhi ya mikate ina mafuta yake. Semeni mapema "senza maiale, senza vino", bila nguruwe bila mvinyo, maana nyama nyingi wanapika na mvinyo, na tiramisù mara nyingi ina pombe. Vizuri vya kuagiza ni samaki wa ziwa Bolsena wanaitwa coregone, tambi za uyoga, bruschetta na mafuta ya zeituni, na supu ya mboga ya acquacotta. Jiko linafungwa kama saa nane na nusu mchana mpaka saa moja na nusu jioni, kwa hiyo mama anayetumia dawa baada ya kula msimcheleweshe, bebeni kitu kwenye mkoba. Ijumaa ikiwakuta Roma kuna msikiti mkuu, mkubwa hasa, ulifunguliwa 1995.

Euro moja? Hiyo ipo, lakini sio Civita. Ni miji mingine inayokimbiwa na watu, kama Mussomeli na Gangi kule Sicilia, Sambuca nao walifanya mnada wa kuanzia euro moja 2019. Unapewa gofu, unaweka dhamana ya maelfu ya euro, na unafungwa na mkataba wa kulikarabati ndani ya miaka michache, fundi na vibali juu yako. Civita ni kinyume chake, vinyumba vichache vilivyobaki wenye hela wanavigombania. Anayekuuzia Civita kwa euro moja anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mwisho, daktari. Kabla ya kukata tiketi mpeleke mama kwa daktari hapo Munich na umwambie hasa mnachoenda kufanya, kupanda mteremko kwenye joto, usiseme tu tunasafiri. Dawa nyingine za presha zinakojoza sana, na kwenye jua mtu anaishiwa maji anapata kizunguzungu, daktari ndo atasema kama kuna cha kurekebisha, nyie msipunguze wala kuruka dozi kwa akili zenu. Goti likiwa linavimba, linakwama au linamkatikia ghafla akitembea, lipimwe kwanza na Civita isubiri. Na mkiwa pale, akihisi kifua kinabana, pumzi haikai hata baada ya kupumzika, au mkono unakufa ganzi, mkalishe hapohapo mpige 112, msijaribu kummalizisha daraja. Nitumie tarehe zenu ukishajua ni siku gani za wiki, ntakwambia ipi ya kwenda.